Nani anasaini kwa jina la nchi? Wenye viwanda wa Marekani, rais wao, na somo letu



Tarehe 4 Desemba 2025, picha zilipofika kutoka Washington, nakumbuka namna tulivyogawanyika. Kuna waliosema: "Prezida amesha saini, mambo imeisha." Wengine wakajibu: "Hapana, bado Bunge." Na kuna wale walioinua mabega tu: "Sisi ni nani hata tuulize?" Mkataba wa ushirikiano kati ya nchi yetu na Marekani ulikuwa umesainiwa, na ndani yake kuna madini yetu. Na sisi wenye lisansi, tuliosoma sheria, uchumi na maendeleo, hatukuelewana hata juu ya swali la kwanza kabisa: nani ana haki ya kufunga biashara kwa jina la nchi?

Swali hili Wamarekani wenyewe wamelipigania tangu Katiba yao ya 1787. Na katika mapigano hayo kuna mtu ambaye sisi hatumwangalii sana: mwenye kiwanda. Leo tufuate historia yake. Tutaona anataka nini kwa rais wake, na juu ya nini. Kisha tutarudi nyumbani.

1. Mjumbe wa jamaa

Tuanze na jambo ambalo kila mmoja wetu analijua. Kijana akitaka kuoa, jamaa yake hainuki yote kwenda kujadili mahari. Inachagua msemaji mmoja. Usiku kabla ya safari, wazee wanamkalisha na kumwambia: mbuzi, mwisho ni wangapi; pesa, mwisho ni hapa; jambo fulani, usilikubali hata wakikasirika. Akirudi, jamaa inasema ndiyo au hapana. Lakini haiwezi kuanza upya kubishana mbuzi mmoja mmoja, maana wakwe watasema: "Kumbe tulizungumza na mtu asiye na neno."

Shikeni picha hiyo. Mamlaka ya rais wa Marekani ya kujadili mikataba ya biashara iko namna hiyo. Rais ni mjumbe. Wazee ni Kongresi, yaani Bunge lao. Na mwenye kiwanda ni yule mjomba aliyetoa sehemu ya mahari: anataka mambo yaishe, na yasivunjike.

2. Ushuru ni wa Kongresi, mazungumzo ni ya rais

Katiba ya Marekani inasema Kongresi ndiyo inapanga biashara na nchi za ngambo, na ndiyo inaweka ushuru wa duane. Lakini anayezungumza na mataifa mengine ni rais. Hapo ndipo shida inaanzia: mmoja ana ufunguo, mwingine ana mlango.

Mwaka 1895, katika mji wa Cincinnati, wenye viwanda walianzisha chama chao, National Association of Manufacturers, kwa kifupi NAM. Uchumi ulikuwa umeanguka tangu 1893, bidhaa zilijaa kwenye magazini bila mnunuzi, na wao walitaka masoko ya nje. Aliyekuja kuwahutubia alikuwa William McKinley, gavana wa Ohio wakati ule, ambaye alikuja kuwa rais. Mtu huyu alijulikana kwa ushuru mkubwa. Sheria ya ushuru ya 1890 ilibeba jina lake.

Mwaka 1897 Kongresi ilimruhusu rais kujadili mikataba ya kupunguziana ushuru na nchi nyingine. McKinley alimtuma John Kasson, naye akafanya kazi: akarudi na mikataba kadhaa. Seneti iliiacha ife. Si kwamba iliikataa kwa sauti. Iliiweka pembeni tu mpaka ikaoza. Kila seneta alikuwa na kiwanda kwake ambacho hakikutaka bidhaa fulani iingie.

Novemba 1901 NAM iliita mkutano mkubwa Washington juu ya jambo hilo. Mnafikiri wenye viwanda walisema nini? Walisema: tunataka kupunguziana ushuru, lakini isiumize kiwanda chochote cha nyumbani. Yaani kila mmoja alitaka mlango wa jirani ufunguliwe na wa kwake ubaki umefungwa. Hapo tunajifunza jambo la kwanza: chama cha wenye viwanda si mtu mmoja. Ndani yake kuna anayeuza nje na kuna anayeogopa bidhaa za nje, na hawa wawili hawalali usingizi mmoja.

3. 1930: kila mbunge na kiwanda chake

Ukitaka kuona mambo yanavyoharibika wakati Kongresi inapanga ushuru wote yenyewe, angalia 1930. Sheria ya Smoot-Hawley ilianza kama msaada kwa wakulima. Kisha kila mbunge akaleta ya kwake: sukari, ngozi, viatu, saruji. "Nipigie kura juu ya yangu, nitakupigia juu ya yako." Wachumi 1,028 walisaini barua kumwomba Rais Hoover asiikubali. Tarehe 17 Juni 1930 aliisaini.

Nchi nyingine zilijibu kwa ushuru wao. Mauzo ya Marekani nje, yaliyokuwa karibu dola bilioni 5.2 mwaka 1929, yalishuka hadi karibu bilioni 1.6 mwaka 1932. Tuseme ukweli: si ushuru peke yake ulioleta hasara hiyo, maana dunia yote ilikuwa katika msukosuko na bei zilikuwa zimeanguka. Lakini ushuru uliongeza jeraha juu ya jeraha.

4. 1934: mamlaka yanakopeshwa

Tarehe 12 Juni 1934 Rais Franklin Roosevelt alisaini sheria mpya. Aliyeisukuma zaidi alikuwa waziri wake wa mambo ya nje, Cordell Hull. Sheria ilimpa rais ruhusa ya kushusha ushuru hadi nusu, yaani 50%, akikubaliana na nchi nyingine, bila kurudi Kongresi kwa kila mkataba.

Lakini angalieni masharti. Ruhusa ilikuwa ya miaka 3 tu. Kiwango kilikuwa na mwisho wake. Muda ukiisha, rais alirudi kuomba tena. Ndiyo maana ninasema: mamlaka haya hayakutolewa zawadi, yalikopeshwa. Na mkopo una tarehe.

Njia hiyo ilizaa matunda. Hadi 1945 Marekani ilikuwa imefunga mikataba 32 na nchi 27. Mwaka 1947, nchi 23 zilisaini mkataba wa GATT, ambao ndio mama wa shirika la biashara la dunia tunalolijua leo.

5. 1974: "njia ya haraka"

Kisha ukaja ugumu mpya. Katika miaka ya 1960 mazungumzo hayakuwa tena juu ya ushuru tu, yaligusa sheria zenyewe: namna ya kuhesabu thamani ya bidhaa duane, namna ya kuzuia bidhaa zinazouzwa chini ya bei. Mwaka 1967 wajumbe wa Marekani waliahidi mambo hayo kule Geneva. Waliporudi, Kongresi ikasema: hatukuwatuma hayo. Ahadi moja ilikufa, nyingine ikafungwa mikono.

Jiwekeni katika nafasi ya nchi nyingine. Umejadiliana miaka, umetoa vyako, kisha mwenzako anarudi kusema kwamba wazee wamekataa. Mara nyingine, utatoa kitu chako cha mwisho? Hapana. Utakificha.

Jibu lilikuja katika Sheria ya Biashara ya 1974, iliyosainiwa na Rais Ford Januari 1975. Rais anajadili kwa kufuata malengo ambayo Kongresi imeandika. Anaijulisha na kuiuliza njiani. Akileta mkataba, Kongresi inapiga kura ndani ya muda uliowekwa: ndiyo au hapana. Hakuna kubadilisha hata neno. Waliiita "njia ya haraka". Kwa njia hiyo ulipita mkataba na Israeli, kisha wa Kanada, na mwaka 1993 ule wa NAFTA pamoja na Meksiko, ambao wabunge waliupitisha kwa kura 234 kwa 200.

6. Wenye viwanda wanasema nini?

Katika historia hii ya karibuni NAM imesimama upande mmoja wazi: rais apewe mamlaka hayo. Hoja zao tuzisikilize kwa haki.

Ya kwanza: karibu 95% ya watu wa dunia wanaishi nje ya Marekani. Kiwanda kinachouza nyumbani tu kina dari juu ya kichwa.

Ya pili: nchi nyingine haziwezi kutoa neno lao la mwisho kwa mjumbe ambaye maneno yake yatafumuliwa na wabunge zaidi ya 500.

Ya tatu, na mimi naona ndiyo ya ndani kabisa: mwenye kiwanda anataka jambo linalosimama. Kujenga kiwanda ni hesabu ya miaka 10, miaka 20. Hawezi kuweka mashine mahali ambapo hajui kesho ushuru utakuwaje.

Mnaona? Hoja hizo si za kumpenda rais. Mwaka 1997 NAM ilitaka Clinton, wa chama cha Demokrasia, apewe mamlaka hayo. Clinton hakupata kura za kutosha, akaondoa mswada wake. Mwaka 2002 ilitaka Bush, wa chama cha Republican, ayapate, naye aliyapata kwa kura 215 kwa 212. Mwaka 2015 ilisimama na Obama, na wabunge wakapitisha kwa 218 dhidi ya 208. Tazameni namna kura hizo zilivyokaribiana.

7. Waliopinga hawakuwa wajinga

Upande wa pili walikuwa vyama vya wafanyakazi, kama AFL-CIO, na watetezi wa mazingira. Walisema: mwenye kiwanda anataka uhakika, sawa, lakini uhakika huo kwa mfanyakazi wa Ohio unaweza kuwa uhakika kwamba kiwanda kitahamia Meksiko. Walisema tena kwamba kura ya "ndiyo au hapana" inampa mbunge kifurushi kilichofungwa, chenye asali na chenye sumu, na kumwambia akinywe chote au akiache chote. Wakati wa mazungumzo ya mkataba wa nchi za Pasifiki, wabunge waliruhusiwa kusoma maandishi katika chumba kinacholindwa, bila kubeba nakala.

Sheria ya 2015 ilikuwa na masharti: siku 90 za kuijulisha Kongresi kabla ya kuanza mazungumzo, siku 90 kabla ya kusaini, na maandishi yote yawekwe hadharani siku 60 kabla ya sahihi. Sikieni vizuri: wananchi wasome kabla, si baada.

Tena wazee wanaweza kumnyang'anya mjumbe fimbo. Tarehe 10 Aprili 2008 wabunge walisimamisha saa ya mkataba wa Kolombia, ambao Bush alikuwa ameleta bila kuelewana nao. Mkataba uliosainiwa 2006 ulikuja kupitishwa 2011.

Ruhusa ya 2015 iliisha tarehe 1 Julai 2021. Toka hapo marais wametafuta njia nyingine. Machi 2023 serikali ya Biden ilisaini na Japani mkataba juu ya madini ya betri bila kura ya Kongresi, na wabunge wa vyama vyote viwili walinung'unika. Aprili 2025 Trump aliweka ushuru juu ya karibu dunia nzima kwa kutumia sheria ya hali ya hatari ya 1977. Hapo NAM ilisema wazi kwamba ushuru huo utaongeza gharama za viwanda na kutishia kazi. Kampuni ndogo zilikwenda mahakamani, na kesi ikafika hadi Mahakama Kuu.

Hapo ndipo somo la pili lilipo. Ukizoea kutaka rais mwenye mkono mrefu ili afungue milango, siku moja mkono ule ule unaweza kuifunga. Wenye viwanda walitaka mjumbe mwenye masharti. Mjumbe asiye na masharti ni jambo lingine kabisa.

8. Na sisi tulikuwa wapi?

Kuna anayesema: hayo ni ya Wamarekani. Hapana, ndugu yangu. Sisi tumekuwa ndani ya maamuzi haya mara nyingi, lakini bila kiti.

Mfano wa kwanza ni AGOA, sheria ya 2000 iliyoruhusu bidhaa za Afrika kuingia Marekani bila ushuru. Haikuwa mkataba wa kujadiliana. Kongresi iliitoa peke yake, na ikampa rais wa Marekani kazi ya kuamua kila mwaka nani anastahili. Congo iliingia 2003. Januari 2011 tulitolewa. Januari 2021 tulirudishwa. Kuingia, kutoka, kurudi: kila mara kwa sahihi ya mtu mmoja aliye mbali.

Mfano wa pili wazee wa Kivu wanaujua kwa jina la "Loi Obama". Julai 2010, katika sheria kubwa ya mabenki iitwayo Dodd-Frank, kifungu cha 1502 kilidai kampuni za Marekani zieleze kama coltan, kasiterite, wolframite na dhahabu wanazotumia vinatoka kwenye maeneo ya vita ya kwetu na ya majirani. Septemba 2010 Rais Joseph Kabila alisimamisha uchimbaji wa mikono katika Kivu zote mbili na Maniema hadi Machi 2011. Wanunuzi walikimbia. Watoto wangapi walikosa minerval mwaka ule? Kila mmoja wetu aliyekulia karibu na shimo la madini ana jibu lake.

Na je, nani alikwenda mahakamani Marekani kupinga kanuni za kifungu hicho? NAM, pamoja na vyama viwili vingine vya wafanyabiashara. Walisema gharama ni kubwa: tume ya masoko ya mitaji ilikadiria dola bilioni 3 hadi 4 kwa kuanza, NAM ikasema 9 hadi 16. Tarehe 14 Aprili 2014 mahakama ya rufaa iliwapa haki katika sehemu moja ya kesi. Wenye viwanda walisikika. Watetezi wa haki za binadamu walisikika. Mchimbaji wa Walikale hakuwa na wakili katika chumba kile.

9. Katiba yetu inasema nini?

Sasa turudi kwenye mabishano yetu ya Desemba. Katiba ya 18 Februari 2006, ibara ya 213, inasema Rais wa Jamhuri ndiye anajadili na kuthibitisha mikataba. Lakini ibara ya 214 inaweka mpaka: mikataba ya amani, mikataba ya biashara, ile inayogusa pesa za serikali, ile inayobadilisha sheria, haiwezi kuthibitishwa isipokuwa kwa njia ya sheria. Yaani Bunge. Na ibara ya 215 inasema mkataba ukishapita na kutangazwa, unakuwa juu ya sheria za kawaida, kama mwenzetu naye anautimiza.

Basi waliosema "mambo imeisha" walikosea, kwa maana ya Katiba. Lakini tusifurahi mapema. Ibara ya 214 inaangalia mwisho wa safari. Haisemi kwamba wabunge wampe mjumbe masharti kabla hajaondoka, wala haisemi wananchi wasome siku 60 mbele. Mjumbe wetu anaweza kuondoka bila kuambiwa mwisho ni mbuzi wangapi. Akirudi na sahihi, kamera na mikono ya pongezi, ni mbunge gani atathubutu kusema hapana?

Tumeshaona bei yake. Mkataba na kampuni za Kichina ulisainiwa Aprili 2008 kwa dola bilioni 9. Mwaka 2009, kwa shinikizo la FMI, ukashushwa hadi 6. Mwaka 2024 ulirekebishwa tena. Miaka 16 ya kurudi mezani, juu ya maswali ambayo yangeulizwa kabla ya kalamu ya kwanza.

Na wenye kampuni wa kwetu nao wanajua mlango uko wapi. Machi 2018, Bunge lilipokwisha kupitisha Kodi mpya ya Madini, wakubwa wa kampuni za madini hawakurudi kwa wabunge. Tarehe 7 Machi walikwenda kumwona rais. Siku mbili baadaye sheria ilitangazwa. Mwenye kampuni hapendi rais kuliko Bunge. Anakwenda pale anapoona neno linaweza kubadilika au kusimama.

Kwa hiyo swali si "rais awe na mamlaka au asiwe nayo?" Nchi yenye watu zaidi ya milioni 100 haiwezi kwenda yote mezani. Sharti mmoja azungumze. Swali ni: nani alimwandikia masharti, na lini? Wamarekani walihitaji 1901, 1930 na 1967, yaani aibu tatu, kabla ya kuandika masharti yale kabla ya safari. Na hata hivyo leo wanayumba.

Sisi tuna ibara ya 138, inayowapa wabunge maswali, interpellation na tume za uchunguzi. Hakuna inayowakataza kuvitumia wakati mazungumzo bado yanaendelea. Tuna wanasheria, wachumi, wanajiolojia waliokaa nyumbani na diplome ukutani. Mbunge wako wa jimbo, ukimwandikia kurasa mbili za maswali juu ya mkataba fulani, umefanya kazi ambayo NAM inalipa watu kuifanya kila siku Washington. Tofauti ni kwamba wao walianza 1895.

Mahari ikishaliwa, hairudishwi bila aibu na ugomvi. Wazee wetu walijua hivyo, ndiyo maana walimkalisha msemaji usiku kabla ya safari.